Avelina, Usifute Yote!

Huko Mbuba, wilayani Ngara, akina mama hupalilia mashamba yao kwa ikibiri, yaani kusaidiana kwa zamu. Leo wote wanakwenda kwa huyu, kesho kutwa kwa yule. Hakuna anayepalilia peke yake mpaka kiuno kikamuuma. Na katika kikundi cha Avelina kulikuwa na sheria moja tamu: anayemaliza mstari wake ndiye anayechagua wimbo.

Nyimbo zilitoka kwenye simu ya Avelina. Mwanawe, Clever, ndiye aliyemwekea programu ya muziki. Wakifika shambani, Avelina aliiweka simu ndani ya ndoo tupu ili sauti isikike mbali. Mtu akimaliza mstari alipaza sauti, "Nimemaliza!" Kisha alitaja wimbo anaoutaka. Avelina alijifuta mikono kwenye kitenge, akautafuta. Kama hakuna aliyemaliza, programu ilijichagulia wimbo yenyewe. Kazi ilikwenda, vicheko vilikwenda, na magugu yaliisha.

Jumatano moja walikuwa kwenye maharage ya Magdalena. Magdalena alikuwa jirani na rafiki wa Avelina, mwanamke asiyejua kunyamaza. Kando ya shamba alikaa Bi Nimpaye, mama mkwe wa Avelina. Alikuwa na miaka sabini na minane. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa binti, akaolewa hapahapa Ngara, akazaa na kuzeeka. Siku za ikibiri alishika watoto wadogo huku akipukuchua maharage.

Saa saba mchana, jua lilikuwa kali. Hakuna aliyekuwa amemaliza mstari. Programu ikajichagulia wimbo. Haukuwa na gita wala kinanda. Ulikuwa na sauti za wanawake na makofi tu.

Bi Nimpaye aliacha maharage yakamwagika. Akasimama. Akainua mikono juu, kama pembe za ng'ombe, akaanza kucheza polepole na kuimba. Majembe yote yalisimama. Avelina alikuwa ameishi na mama mkwe huyo miaka ishirini na sita. Hakuwahi kumsikia akiimba hata kanisani.

Mara simu ikaita. Alikuwa Danstan, mume wa Avelina, anauliza ufunguo wa stoo uko wapi.

"Uko pale pale ulipouweka wewe!" Avelina alijibu kwa hasira.

Alipokata simu, wimbo ulikuwa umekwisha kukatika. Wanawake wawili walikuwa wanapiga kelele, "Nimemaliza! Nimemaliza!" Wakawekewa nyimbo zao. Bi Nimpaye akakaa chini, akaanza kuokota maharage yake.

"Ule ni wimbo wa kumtoa mtoto nje," alisema. "Mama yangu aliuimba. Mwanzo ninao, Avelina. Mwisho umenitoka."

*

Ijumaa, Tecla, mke wa Clever, alijifungua mtoto wa kike katika kituo cha afya. Nyumba nzima ilijaa furaha. Huyu alikuwa mjukuu wa kwanza wa Avelina, na kitukuu wa kwanza wa Bi Nimpaye.

Kwa desturi yao, kuanzia kesho yake mama na mtoto hukaa ndani siku saba. Siku ya nane mtoto hutolewa nje. Anaonyeshwa jua, anaonyeshwa watu, na wanawake humwimbia. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Bi Nimpaye alimpakata mtoto.

"Avelina, mwanangu," alisema, "watoto wangu wote sita walitolewa nje bila wimbo ule. Nilikuwa mgeni hapa. Sikuwa na wa kuniitikia. Huyu nataka atolewe kwa wimbo ule, mzima, siyo nusu. Nina muda gani tena wa kusubiri mwingine?"

"Utaupata, Mama," Avelina alijibu. "Si uko kwenye simu?"

Maneno yalikuwa mepesi, kazi ilikuwa nzito. Avelina aliandika "wimbo wa mtoto" kwenye sehemu ya kutafutia. Zilikuja nyimbo za kufundisha watoto kuhesabu. Akaandika maneno ya Kirundi aliyoyasikia kwa Bi Nimpaye. Zikaja nyimbo za vijana wa mjini. Alitafuta Jumamosi, akatafuta Jumapili. Bando liliisha, akanunua jingine, wimbo haukuonekana. Kila alipoinua kichwa, alimwona mama mkwe wake ameketi mlangoni, anaimba mwanzo kwa sauti ndogo, kisha anakwama.

Jumatatu jioni mambo yakazidi kuharibika. Jumuiya ilisali nyumbani kwa Avelina. Baada ya somo, katekista alimwomba aweke wimbo mtakatifu kwenye simu. Avelina aliuweka. Wote wakafumba macho. Wimbo ulipokwisha, kabla katekista hajasema "Tuombe", programu ikaendelea yenyewe. Mwanamke mmoja akaimba kwa sauti kubwa kwamba amechoka na mume wake, na sanduku la huyo mume analitupa nje leo hii.

Katekista alitazama paa. Magdalena alijifunika khanga usoni, mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko. Avelina alitamani ardhi ipasuke aingie. Alibonyeza kila mahali mpaka simu ikanyamaza.

Wageni walipoondoka, Danstan aliuliza, "Mama Clever, sanduku langu liko salama?"

"Wala si wimbo wangu!" Avelina alisema. "Ni wa Ernesta. Anauomba kila ikibiri. Sasa simu inadhani mimi ndiye ninayeupenda!"

"Basi futa historia yote," Danstan alisema. "Sokoni nimesikia ukifuta historia simu inakuwa kama mpya. Hata bando lililoliwa linarudi."

Avelina alisikia "linarudi", akaamua.

*

Jumanne asubuhi alikwenda senta kwa Joan. Magdalena alimfuata, maana hakutaka kukosa hata neno moja la habari hii. Joan alikuwa fundi wa simu. Alijifunza kazi hiyo Biharamulo, kisha akarudi kwao akafungua kibanda. Vijana wa senta walimcheka mwanzoni. Siku hizi walipanga foleni kwake.

"Shikamoo Mama Clever. Shikamoo Mama Magdalena."

"Marahaba, mwanangu. Joan, nionyeshe pa kufuta historia ya nyimbo. Yote! Isibaki hata moja."

Joan aliishika simu. "Fungua programu ya muziki. Haya, gusa hii picha ya duara hapa pembeni. Hiyo ni akaunti yako. Sasa soma chini yake. Unaona neno gani?"

"Historia," Avelina alisoma.

"Gusa hapo. Juu kuna vidoti vitatu, viguse."

Kioo kikauliza: *Futa historia yote?* Chini yake kulikuwa na *Hapana* na *Ndiyo*. Avelina alinyoosha kidole kwenye *Ndiyo*.

"Subiri, mama!" Joan alimshika mkono. "Usifute yote kabla hujaniambia kwa nini. Ukibonyeza hapo hairudi tena. Hata mimi siwezi kuirudisha."

"Bando langu litarudi, linanitosha."

"Nani kakudanganya?" Joan alicheka. "Bando likiliwa limeliwa. Historia haijai hata kijiko. Ni orodha tu ya majina ya nyimbo ulizosikiliza. Kinachokula bando ni kule kusikiliza kwenyewe."

"Orodha?" Avelina aliuliza. "Orodha ya nyimbo gani?"

"Zote ulizocheza kwenye akaunti hii. Zimepangwa kwa siku. Leo, jana, juzi, wiki iliyopita."

Avelina akaukunja mkono wake haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Joan! Hata za Jumatano iliyopita? Hata zile ambazo programu imejichagulia yenyewe?"

"Hata hizo."

Avelina alikaa kwenye benchi. Alikuwa amebakiza ukucha mmoja kuutupa wimbo wa Bi Nimpaye kwa mkono wake mwenyewe. Akamweleza Joan habari yote: maharage, makofi, simu ya Danstan, mtoto, Jumamosi.

Joan hakucheka tena. "Bonyeza *Hapana*," alisema. "Kisha tutafute."

Walishuka kwenye orodha mpaka Jumatano. Hapo Avelina alishika kichwa. Nyimbo zilikuwa zaidi ya arobaini! Kila mwanamke wa ikibiri alikuwa na zake.

"Tukisikiliza zote tutalala hapa," Joan alisema. "Kumbukeni. Kabla ya wimbo ule, ulipigwa upi?"

Avelina alifumba macho, hakukumbuka kitu. Lakini Magdalena akaruka.

"Sanduku! Ulikuwa wimbo wa sanduku wa Ernesta! Nakumbuka vizuri. Nilikuwa namtania Ernesta, namuuliza mumewe atalala wapi. Mara nikageuka, mama amesimama anacheza."

"Tafuteni sanduku," Joan alisema.

Walilipata. Walilipata mara tatu.

"Mara tatu!" Avelina alishangaa. "Ina maana Ernesta alimaliza mistari mitatu. Na wimbo wako, Magdalena, nauona mara moja tu. Na shamba ni lako!"

"Hiyo simu ni mbovu," Magdalena alisema, akaangalia pembeni.

"Ni sanduku lipi kati ya haya matatu?" Joan aliuliza.

"La mwisho," Magdalena alisema. "Baada ya hapo Ernesta alikwenda kunyonyesha, hakumaliza mstari mwingine."

Avelina aligusa wimbo ulioandikwa chini ya sanduku la mwisho. Wakasubiri. Wanaume waliimba na gita.

Siyo wenyewe. Basi umepotea kweli, Avelina aliwaza. Nitamwambia nini Mama?

"Mama, umeshuka," Joan alisema polepole. "Orodha hii inaanzia mwisho. Uliousikiliza karibuni unakaa juu. Wa zamani unakaa chini. Ukitaka kujua ulichosikiliza *baada* ya sanduku, panda juu."

Juu ya sanduku la juu kabisa, ambalo ndilo la mwisho kupigwa, kulikuwa na mstari usio na picha wala jina la mwimbaji. Uliandikwa hivi tu: *Namba 07*. Avelina aliugusa.

Makofi yakalia. Kisha sauti za wanawake.

Avelina alipiga kigelegele mpaka muuza vocha wa kibanda cha pili akatoka nje. Magdalena alimkumbatia Joan, karibu amwangushe na kiti chake. Machozi yalimtoka Avelina, na hakujali nani anamwona.

"Ndiyo maana hukuupata kwa kutafuta," Joan alisema. "Aliyeuweka hakuandika jina lake. Usingeupata mahali pengine popote ila kwenye historia yako. Sasa usitegemee historia tena. Gusa huu moyo. Umeona? Umeingia kwenye nyimbo zako unazozipenda. Na hapa unaupakua, usikilize hata bila bando. Upakue sasa hivi, tumia intaneti yangu."

*

Wimbo ulipokwisha kupakuliwa, Joan hakumwachia Avelina aondoke.

"Bado aibu yako ya jumuiya," alisema. "Programu hii ni kama mwenye duka. Ukinunua chumvi kila siku, anakuandalia chumvi. Inatazama historia yako ndipo inakuchagulia nyimbo. Haijui kwamba wewe ni mmoja na ikibiri ni watu kumi na wanne."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Ondoa moja moja zile usizozitaka. Gusa vidoti vitatu vilivyo pembeni ya wimbo wa sanduku. Soma."

"*Ondoa kwenye historia*," Avelina alisoma. Akagusa. Sanduku likatoweka. Aliondoa la pili, kisha la tatu. Kila lilipotoweka alitabasamu zaidi.

"Usitegemee programu ibadilike leo leo," Joan alisema. "Itachukua siku kadhaa kukuzoea. Na kabla ya ikibiri, ingia kwenye mipangilio, washa hapa palipoandikwa *Simamisha historia*. Mtacheza nyimbo zenu zote na hakuna utakaoandikwa. Mkimaliza, zima. Lakini kumbuka, ukisimamisha historia halafu ukapigwa wimbo mzuri, hutaukuta kwenye orodha. Uuguse moyo palepale, kabla haujaisha."

Magdalena alisogea karibu. Alishusha sauti, jambo ambalo alilifanya mara chache sana. "Joan, na mume akishika simu yako, anaweza kuona ulichosikiliza?"

"Mtu yeyote akiifungua programu yako anaona. Ndiyo maana simu huwekwa namba ya siri. Na wewe Mama Magdalena, simu yako ina programu nyingine. Maneno yake yanaweza kuwa tofauti kidogo, lakini anza vilevile. Gusa akaunti yako, tafuta historia. Usipoelewa neno, uliza kabla ya kubonyeza."

"Mimi sina cha kuficha," Magdalena alisema. Kisha akatoa simu yake kwenye kitambaa. "Lakini hebu nionyeshe."

*

Bi Nimpaye alikuwa mlangoni. Avelina aliketi kwenye mkeka, akaweka simu kwenye ndoo, akagusa.

Mama mkwe wake alisikiliza mwanzo akiitikia kwa kichwa. Ulipofika pale anapokwama siku zote, alishika kifua. Wimbo ulipita pale. Ukaendelea mpaka mwisho.

"Kweri, ndio huo," alisema. Furaha ilipomzidi, ulimi wake ulirudi nyumbani. "Rudia."

Avelina alirudia mara kumi na moja. Jioni ile Danstan alirudi akamkuta mama yake anaimba jikoni, mwiko mkononi, wimbo mzima. Alisimama mlangoni na jembe lake begani. Alikuwa na miaka hamsini na moja, na alikuwa hajawahi kuisikia sauti hiyo.

"Nani kampa wimbo huo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Historia uliyosema niifute," Avelina alijibu.

Danstan aliweka jembe chini. Alikwenda kuchota maji bila kuombwa.

Jumatano ikibiri kilikuwa kwenye shamba la Avelina. Aliwasha *Simamisha historia*, akaweka simu kwenye ndoo, na Ernesta akaomba sanduku lake kwa raha zake zote. Lakini kila wimbo wa tatu ulikuwa ni *Namba 07*. Hiyo ilikuwa amri ya mwenye shamba. Walipalilia na kuitikia. Mpaka saa tisa, wanawake kumi na wanne walikuwa wameshika maneno yote, hata Magdalena, ambaye aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumamosi jua lilitoka mapema. Uwanja ulijaa watu. Avelina aliizima simu akaifungia kabatini. Hawakuihitaji tena.

Tecla alitokea mlangoni, mtoto amefunikwa kwa kitenge kipya. Bi Nimpaye alisimama mbele yake. Aliinua mikono. Aliimba mwanzo: toka mtoto, jua linakusubiri, toka. Wanawake wa ikibiri wakaitikia kwa makofi. Mahali pale pa kukwama pakafika, na Bi Nimpaye akapapita akicheka.

Ndipo ulipofika mwisho wa wimbo. Katika simu, mwimbaji alitaja majina ya wanawake wa ukoo wake. Avelina alidhani Bi Nimpaye atayaimba majina yaleyale. Lakini Bi Nimpaye alijua kwamba mahali pale kila nyumba hutaja watu wake.

"Wewe ni wa Nahimana!" aliimba. Hilo lilikuwa jina la mama yake, aliyebaki ng'ambo ya mpaka na hakumwona tena.

"Ni wake!" wanawake waliitikia.

"Wewe ni wa Nimpaye!"

"Ni wake!"

Kisha alimgeukia mkamwana wake. Alimshika mkono akamvuta mpaka katikati ya uwanja.

"Wewe ni wa Avelina, aliyenirudishia sauti ya mama!"

"Ni wake!" uwanja mzima uliitikia, na Danstan akaitikia pamoja nao.

Avelina alicheza. Alicheza karibu na mama mkwe wake, mikono juu, machozi yakimtiririka, mpaka Tecla akafunua kitenge na mtoto akafumbua macho kwenye jua.